Mkate wa Bi Asmaa Ulipikwa na Nani?



Msimu wa harusi ukikaribia, maswali ya mabiarusi huwa yale yale: kusingwa kuanze lini, hina ichorwe ya aina gani, nguo ya nikah ishonwe wapi. Siku hizi limeongezeka jengine, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Nina kazi yangu mwenyewe. Nitaiweza pamoja na nyumba?" Anayeuliza ni daktari wa meno mwenye kliniki ya vyumba viwili, wakili aliyekodi ofisi ghorofani, mkunga anayeitwa usiku, au mhasibu anayewafungia wafanyabiashara hesabu zao. Nyuma ya swali hilo lipo la pili: "Na mwili wangu je? Nimeanza mazoezi, nimepungua, sukari imeshuka. Nikiolewa, nani atanipa ile saa moja ya alfajiri?"

Majibu yanayotolewa barazani ni mawili. La kwanza ni kwamba bibi zetu walizaa watoto kumi na wakalima, kwa hiyo tusidekeze. La pili ni kwamba mwanamke wa kweli huyaweza yote. Yanaonekana kupingana, lakini yote mawili yanamwacha mwanamke peke yake na mzigo. Tukasema tuifungue historia, tuwatazame wanawake wa mwanzo wa Kiislamu, kisha turudi hapa kisiwani. Kila tulipomkuta mwanamke aliyeshika kazi, nyumba na afya yake, tuliuliza swali moja: nani alimpa nafasi?

Mafundi wa Madina

Tuanze na lile ambalo wengine bado wanalitilia shaka, kama kazi ya mwanamke ni jambo geni katika dini yetu. Bi Zaynab bint Jahsh, Mama wa Waumini, alikuwa fundi. Sahih Muslim imepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia kwake akamkuta anashughulikia ngozi. Alifanya kazi kwa mkono wake na alichokipata akakitoa sadaka. Mtume (S.A.W.) aliwaambia wake zake kwamba wa kwanza kumfuata baada ya kufa kwake ni mwenye mkono mrefu kuliko wote, nao wakawa wanapimana mikono. Mwaka wa 20 Hijria Bi Zaynab alipotangulia, wakafahamu kuwa urefu uliokusudiwa ni wa mkono unaofanya kazi na kutoa.

Mke wa Abdullah bin Mas'ud naye ametajwa katika baadhi ya mapokezi kwa jina la Raita, mwanamke mwenye ufundi aliyeuza alichokitengeneza. Mume wake hakuwa na mali, na pato lake ndilo lililowalisha mume na watoto. Katika Bukhari na Muslim, ambako anaitwa Zaynab, tunasoma kwamba alikwenda kuuliza kama kumtumilia mumewe na mayatima alio nao kunahesabiwa sadaka. Mlangoni kwa Mtume (S.A.W.) alimkuta mwanamke wa Kiansari amekuja na swali hilo hilo. Bilal (R.A.) akawapelekea swali lao, na jibu likarudi kwamba wana malipo mawili: ya kuunga udugu na ya sadaka.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wengi tumezoea kusikia kwamba pesa ya mke nyumbani ni wajibu wake. Jibu lile liliiita sadaka. Sadaka hutolewa kwa hiari ya mwenyewe, na anayepewa hushukuru.

Bi Rufayda al-Aslamiyya yeye alikuwa na kile ambacho leo tungekiita kliniki. Alikuwa na hema penye msikiti wa Madina ambamo aliwauguza majeruhi. Mwaka wa 5 Hijria, katika vita vya Khandaq, Sa'd bin Mu'adh (R.A.) alipopigwa mshale, Mtume (S.A.W.) aliamuru awekwe katika hema hilo ili iwe karibu kumtazama. Naye Bi Shifaa bint Abdillah alijua kusoma na kuandika wakati wajuao walikuwa wachache, na Mtume (S.A.W.) akamtaka amfundishe Bi Hafsa kisomo cha tiba kama alivyomfundisha kuandika. Hawa walikuwa wataalamu, na jamii iliwajua kwa utaalamu wao.

Mzigo wa Bi Asmaa

Kisa kinachotugusa zaidi amekisimulia mwenyewe Bi Asmaa binti Abubakar, na kimo ndani ya Bukhari na Muslim. Alipoolewa na Zubeir (R.A.), mume hakuwa na mali wala mtumwa, alikuwa na ngamia wa kuchotea maji na farasi wake. Bi Asmaa akamlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi, akakanda unga. Shamba alilopewa Zubeir lilikuwa theluthi mbili za farsakh kutoka nyumbani, zaidi ya kilomita 3, na yeye alibeba kokwa za tende kichwani kutoka huko.

Kisha anasema jambo ambalo mawaidha mengi hulipita mbio: hakuwa hodari wa kupika mkate. Majirani zake wa Kiansari ndio waliompikia, na akawasifu kuwa ni wanawake wa kweli.

Siku moja njiani, hali kabeba kokwa zake, alikutana na Mtume (S.A.W.) pamoja na baadhi ya Maansari. Mtume (S.A.W.) akataka kumpakia nyuma yake juu ya ngamia, naye akaona haya, akakumbuka pia wivu wa mumewe. Alipomhadithia Zubeir, mume akaapa kwamba kumuona amebeba kokwa zile ni kuzito zaidi kwake kuliko kama angepanda. Baadaye Sayyidna Abubakar akampelekea mtumishi wa kumtunza farasi, na Bi Asmaa anasema ilikuwa kama kwamba baba yake amemwacha huru.

Huyu ndiye tunayetajiwa kila tukilalamika kuchoka. Tumsome mpaka mwisho. Alikuwa na majirani waliompikia mkate, mume aliyekiri kuwa mzigo wa mkewe unamuumiza, na baba ambaye hakusema kwamba binti akishaolewa shida zake hazimhusu. Wala yeye hakuona aibu kusema kwamba mkate ulimshinda.

Mbio mbili

Kuhusu mwili, tunaye Bi Aisha (R.A.). Abu Daud na Imam Ahmad wamepokea kwamba alikuwa safarini na Mtume (S.A.W.) akiwa bado mwepesi. Mtume (S.A.W.) akawaambia watu watangulie, kisha wakashindana mbio wao wawili, na Bi Aisha akashinda. Miaka ikapita, mwili ukanenepa, na katika safari nyengine wakashindana tena. Safari hii Mtume (S.A.W.) akashinda, akacheka, akamwambia kuwa hii ni kulipia ile.

Watu waliambiwa watangulie. Mkuu wa msafara aliusogeza msafara mzima mbele ili mke apate uwanja wa kukimbia kwa sitara. Na Bi Aisha anataja mwenyewe kwamba mwili wake ulibadilika, bila ya kujificha, na hilo halikuwa sababu ya kumwacha nyuma. Wewe unayeogopa kurudi kwenye mazoezi baada ya kuzaa kwa kuwa hulingani na picha yako ya harusi, mbio za pili ni zako.

Bi Aisha huyo huyo aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na sala ikifika hutoka kwenda kusali.

Jiwe la kusagia

Wapo watakaotujibu kwa kisa cha Bi Fatma (R.A.). Mikono yake ilichubuka kwa jiwe la kusagia, akaenda kuomba mtumishi, na alichopewa ni adhkari za wakati wa kulala: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34. Kisa hiki kimegeuzwa kuwa kufuli la mdomo: ukisema umechoka, unaambiwa ulete tasbihi.

Tukisome chote. Katika mapokezi ya Imam Ahmad, Sayyidna Ali naye analalamika kwamba ameteka maji mpaka kifua kinamuuma. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili waliochoka, kila mmoja anajua maumivu ya mwenzake. Na kilichozuia mtumishi kilikuwa haki ya watu wa Suffa waliokuwa na njaa. Mtume (S.A.W.) aliwafuata usiku kwao, akakaa baina yao, akawafundisha wote wawili. Basi adhkari zile ni za mke na mume pamoja, na hazikushushwa ili mmoja alale na mwengine aendelee kusaga.

Huku kwetu

Visiwani, historia hii ina uso wake. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886 kwamba watoto wa kike wa kasri walifunzwa kupanda wanyama. Yeye alipohamia nyumbani kwa kaka yake Majid alijifunza hata kutumia upanga na kulenga shabaha. Kwa hiyo mwanamke wa Unguja kufanya mazoezi si jambo lililoingia na jim za juzi.

Lakini tuulize swali letu lile lile: nafasi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka migongoni mwa watumwa, wengi wao wanawake, waliopika, waliofua na waliolea wana wa wengine. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na utumwa ukafutwa kisheria Unguja mwaka 1897, ingawa masuria walisubiri mpaka 1909. Tunalitaja hili kwa sababu na sisi leo ofisi zetu nyingi zinasimama juu ya mgongo wa dada wa kazi. Ikiwa anaamka kabla yetu, analala baada yetu na mshahara wake unacheleweshwa, basi hatujapata mizani yoyote. Tumemhamishia mwengine uzito.

Iko njia nyengine ambayo bibi zetu waliijenga. Somo na mkunga walikuwa wanawake wenye kazi zao, wakifuatwa majumbani na kulipwa ada zao. Somo alimfunda biarusi, akamsinga kwa liwa na mawaridi, akawa karibu naye katika siku saba za fungate. Mkunga alizalisha, kisha zikaanza siku arobaini. Katika arobaini mzazi hapiki wala hafui. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na mama, shangazi na majirani hugawana kazi za nyumba yake. Kurudisha mwili wa mwanamke hakukuwa jambo la mtu binafsi. Ilikuwa zamu ya watu wazima wote wa nyumba.

Hata lugha yetu imelihifadhi hilo. Mkaja ni nguo anayofungwa tumboni aliyezaa, na mkaja ndilo jina la zawadi anayopewa mama wa biarusi siku ya ndoa. Kila posa inayokuja na mkaja inakiri kwamba mwili wa mama ulifanya kazi na kazi ile ina haki yake. Vipi basi biarusi mwenyewe aambiwe kwamba wakati wa kuutunza mwili wake ni anasa?

Kabla ya nikah

Tulilolipata katika safari hii ni kwamba wanawake hawa hawakuwa na nguvu zaidi kuliko zetu. Walikuwa na watu waliosogea. Kwa hiyo swali lako, biarusi, usijiulize peke yako. Lipeleke kwa anayekuposa, mbele ya walii wako, kabla ya mahari kutajwa. Mtume (S.A.W.) amesema, katika Bukhari na Muslim, kwamba masharti yenye haki zaidi ya kutekelezwa ni yale yaliyohalalisha ndoa. Muulize sheikh wenu namna sharti lako litakavyowekwa, kisha liandikeni.

Mambo yawe wazi, si "tutaona mbele ya safari". Ofisi itafungwa saa ngapi, na siku mteja akichelewa nani atawachukua watoto skuli? Pato lako ni lako. Utakachotoa nyumbani kitajulikana kuwa ni sadaka au kitageuzwa deni? Asubuhi zipi tatu za wiki ni zako za kutembea au kwenda mazoezi ya wanawake, na asubuhi hizo chai atapika nani? Ukijaaliwa mtoto, arobaini yako utaikalia wapi, na ofisi itashikwa na nani kwa muda huo? Dada wa kazi atalipwa kiasi gani, na siku yake ya kupumzika ni ipi?

Mwanamme atakayekasirishwa na maswali haya amekupa jibu mapema, nalo ni neema. Atakayekaa akayajibu moja moja, huyo anafuata mwendo wa aliyewaambia watu watangulie.

Na nyinyi mlioolewa zamani, mnaoona mlango umeshapita, kumbukeni kwamba Bi Asmaa hakupata mtumishi siku ya harusi. Alimpata baada ya kubeba kokwa kwa muda mrefu. Kikao cha nyumbani kinaweza kuitwa leo baada ya sala ya Isha. Na jirani yako mwenye kliniki akichelewa kesho, mpikie mkate.

Allah atujaalie nyumba zenye rehema, rizki za halali na miili yenye afya ya kumuabudu. Amin.

Wabillahi tawfiq.