Mwanasesere wa mafunzo ya uuguzi

Mwanasesere wa mafunzo ya uuguzi ni umbo la binadamu, zima au la sehemu tu ya mwili, ambalo wanafunzi wa uuguzi na ukunga hulitumia kujizoeza kazi za mikono kabla ya kumhudumia mgonjwa halisi. Huitwa pia manikini. Kwake mwanafunzi anaweza kudunga sindano, kupitisha mrija wa mkojo, kumgeuza mgonjwa kitandani au kuzalisha, akakosea na kurudia mara nyingi bila mtu kuumia. Wako wanasesere wa kitambaa na pamba, wa plastiki ya kujazwa maji, na wengine wanaoendeshwa kwa kompyuta ambao hupumua, hupepesa macho na kubadilisha mapigo ya moyo.

Historia

Wakunga walitangulia. Katika karne ya 18 mkunga Mfaransa Angélique du Coudray alibuni umbo la nyonga ya mwanamke kwa kitambaa, ngozi na pamba, pamoja na mtoto wa kutolewa ndani yake. Mwaka 1759 mfalme Louis XV alimpa jukumu la kufundisha ukunga katika mikoa ya Ufaransa, na kwa miaka mingi alizunguka nchi akiwa na vifaa hivyo. Wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake wa vijijini ambao wasingefaidika na kitabu, kwa hiyo mikono ilifundishwa moja kwa moja. Umbo mojawapo bado limehifadhiwa katika makumbusho mjini Rouen.

Mwanasesere wa kwanza mashuhuri wa uuguzi alitengenezwa mwaka 1911. A. Lauder Sutherland, mkuu wa shule ya wauguzi ya Hospitali ya Hartford katika jimbo la Connecticut, Marekani, alimwendea Martha Jenkins Chase wa Pawtucket, Rhode Island, aliyekuwa fundi wa wanasesere wa kuchezea watoto, akamwomba atengeneze mmoja mwenye ukubwa wa mtu mzima. Wanafunzi walimwita Bi Chase. Mwanzoni alifaa kwa kazi za kuvisha, kugeuza na kuhamisha mgonjwa. Toleo la mwaka 1914 lilikuwa na sehemu ya kudungia sindano mkononi na chombo cha ndani cha kupokea maji, hivyo hata kazi za faragha kama kusafisha utumbo ziliweza kujifunzwa bila kumwaibisha mgonjwa.

Mwaka 1960 Asmund Lærdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea kutoka Stavanger, Norwei, alimtoa Resusci Anne, mwanasesere wa kujifunzia kupuliza hewa kwa mdomo. Sura yake ilichukuliwa kutoka kinyago cha msichana asiyejulikana ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alizama katika mto Seine mjini Paris. Baadaye kifua chake kiliwekwa springi ili wanafunzi wajifunze pia kukandamiza moyo. Katika muongo huohuo Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kiliunda Sim One, wa kwanza kuendeshwa kwa kompyuta, lakini kwa bei ambayo shule za uuguzi zisingeimudu.

Jinsi ya kufundishia

Katika shule zenye vifaa vya kisasa, chumba cha mazoezi hupangwa kama wodi. Mwalimu hukaa nyuma ya kioo, huendesha kompyuta na huzungumza kwa kipaza sauti kana kwamba ndiye mgonjwa: analalamika kifua kinambana, au ananyamaza ghafla. Wanafunzi wanapaswa kutambua kinachotokea na kuamua. Zoezi lenyewe huweza kuchukua dakika 15 tu. Sehemu ambayo walimu wengi huiona kuwa muhimu zaidi ni mazungumzo yanayofuata, ambapo kila mmoja anaeleza alichokiona, alichokiwaza na kwa nini alichelewa kuita msaada. Bila mazungumzo hayo hata mwanasesere wa bei kubwa hafundishi mengi.

Mwaka 2014 baraza la kitaifa linalounganisha bodi za uuguzi za Marekani lilichapisha utafiti uliofanyika katika vyuo 10. Kwa wanafunzi wengine, hadi nusu ya saa za mazoezi ya wodini ziligeuzwa kuwa mazoezi ya kuigiza. Mwishoni hawakutofautiana kwa maana na wenzao katika ujuzi wala katika kufaulu mtihani wa leseni. Watafiti waliweka sharti: walimu wawe wamefundishwa njia hiyo, na mazungumzo ya baada ya zoezi yasirukwe.

Tanzania

Mtoto mchanga asiyepumua anatakiwa kusaidiwa ndani ya dakika moja, inayoitwa "dakika ya dhahabu". Ni muda mfupi mno kwa mkunga kutafuta kumbukumbu za darasani. Kwa ajili hiyo alibuniwa NeoNatalie, mwanasesere wa plastiki anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto halisi. Mwalimu hubonyeza vipira vidogo kumfanya alie, apumue au mapigo ya kitovu yasikike. Mwanafunzi humkausha, humsugua mgongo na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa. Hahitaji umeme.

Tanzania ilikuwa kati ya nchi za kwanza kumtumia, katika mpango wa Helping Babies Breathe. Matokeo ya hospitali 8 yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo katika saa 24 za kwanza za maisha vilipungua kwa asilimia 47. Idadi ya waliohesabiwa kuwa wamekufa muda mfupi kabla ya kuzaliwa nayo ilishuka kwa asilimia 24, jambo linaloashiria kwamba baadhi yao walikuwa hai, ila hawapumui.

Habari ya Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ina funzo la ziada. Mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa baadaye kwa mwanasesere walifanya vizuri kuliko mwanzo, lakini katika chumba cha kujifungulia huduma kwa watoto halisi haikuwa imebadilika. Hospitali ikabadili utaratibu: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki palepale kazini, na ya dakika 40 kila mwezi. Vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni mara ngapi alishikwa.

Mipaka

Mwanasesere haogopi, hana ndugu waliosimama mlangoni, wala ngozi yake haibadiliki rangi vizuri mtoto anapokosa hewa. Kwa muda mrefu wengi walitengenezwa kwa ngozi nyeupe tu, kasoro kubwa kwa wanafunzi watakaohudumia watu weusi, kwa kuwa dalili hiyo huonekana zaidi kwenye midomo na ulimi. Wale wa kompyuta huhitaji fundi, vipuri na umeme wa uhakika, na wapo wanaobaki kabatini baada ya kuharibika. Kwa MamaNatalie, anayefundishia kuzuia damu kuvuja baada ya kujifungua, tatizo la mwanasesere kukosa hisia limepunguzwa kwa njia rahisi: mwalimu hujifunga kifaa hicho tumboni, naye mwenyewe hulia, huuliza maswali na kumshika mkunga mkono.