Nyumba Zilizojengwa Ziwani

Msomaji, lau ungekuwa na ng'ombe wachache, shamba dogo la ngano, na majirani usiowaamini, ungejenga nyumba yako wapi? Baadhi ya watu wa kale wa Scotland walijenga ziwani.

Tutazame Loch Tay, ziwa jembamba lenye urefu wa kilomita 23 hivi. Humo yamesalia mabaki ya visiwa 18 vilivyofanywa kwa mikono ya watu. Kisiwa cha namna hii huitwa kranogi. Mahali paitwapo Oakbank, yapata miaka 2,500 iliyopita, watu walichonga ncha za magogo, wakayakita katika matope, wakatandaza sakafu ya miti juu yake, kisha wakaezeka nyumba ya mviringo. Daraja jembamba liliwafikisha nchi kavu, na penye daraja jembamba mtu mmoja aweza kuwazuia wengi. Walakini sidhani kwamba usalama ulikuwa sababu pekee. Ardhi nzuri ya kulima kando ya ziwa lile ni haba, na nyumba iliyosimama majini haimegi shamba. Tena ilionekana kutoka mbali, na huenda mwenyewe alipenda ionekane!

Nyumba ilipoanguka, vyombo vilizama pamoja nayo. Katika matope yale baridi hewa ni kidogo mno, hata vitu haviozi upesi. Kuanzia mwaka 1980 wapiga mbizi walioongozwa na Nicholas Dixon walitoa humo nafaka za ngano, kinyesi cha kondoo, kipande cha nguo ya sufu, na sahani ya mbao yenye mabaki ya siagi. Wafalme wangapi wametuachia majumba ya mawe, nasi hatujui hata walikula nini!

Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani kwamba karibu visiwa vyote hivi ni vya zama za chuma au baadaye. Mwaka 2012 mpiga mbizi mmoja, katika ziwa la kisiwa cha Lewis, aliona vyungu vilivyokuwa karibu vizima. Vilipopimwa, umri wao ulizidi miaka 5,000: vimezitangulia piramidi za Misri. Vingine vilikuwa na masizi ya jikoni. Basi ni nani aliyevitupa majini, na kwa nini asivitunze?

Mwaka 1997 nyumba iliyojengwa kwa mfano wa ile ya Oakbank ilifunguliwa kwa wageni katika Loch Tay. Juni 2021 iliteketea kwa moto kwa muda mfupi tu. Nguzo za kale za Oakbank, zikiwa chini ya maji ya ziwa lile lile, hazikuguswa.