Bushi za mbele za pikapu: kutoka shaba hadi mpira

Mwaka 1925 Ford ilianza kuuza Model T ikiwa na bodi ya mizigo iliyofungwa kiwandani. Pini za springi yake ya mbele zilicheza ndani ya bushi za shaba nyeusi, na uhai wa bushi hizo ulitegemea mafuta. Mwenye gari aliyesahau kuyatia alisikia chuma kikigonga chuma. Kuzibadilisha nyumbani kulihitaji subira tu: kuukuu iligongwa ikatoka, mpya ikaingizwa, kisha ikachongwa ndani kidogo kidogo hadi pini ipite bila kulegea.

Mpira ndio uliogeuza kazi hiyo. Charles Goodyear alipata hataza ya kuuimarisha kwa salfa mwaka 1844, lakini ni katika miaka ya 1920 na 1930 ulipoanza kubanwa au kugandishwa kati ya bomba mbili za chuma kwa ajili ya magari. Katika bushi iliyogandishwa hakuna kinachoteleza. Mpira wenyewe hujipinda na kurudi. Haidai grisi, na hupunguza mtikisiko. Ulikuwa uvumbuzi mzuri kweli, ila ulimwongezea fundi wa nyumbani kazi: bushi sasa hushindiliwa kwa presi, au huvutwa kwa boliti ndefu, nati na kipande cha bomba.

Kwa kuwa mpira hujipinda badala ya kuteleza, boliti za bushi hizi hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa bado juu ya jeki, mpira hubaki umejipinda na kuchanika mapema.