Mi-24: Helikopta ya vita inayoishi kwa vipuri

Waasi wa M23 walipokuwa wakiusogelea mji wa Goma, mashariki mwa Congo, Novemba 2012, Umoja wa Mataifa uliwapelekea helikopta za mashambulizi aina ya Mi-24 zilizorushwa na marubani wa Ukraine. Aina hiyo ilikuwa imetimiza zaidi ya miaka 40 angani. Historia yake husimuliwa kwa kutaja vita, lakini naona ukitaka kuijua vizuri, ifuatilie kwa vipuri vyake.

Mikhail Mil, mbunifu mkuu wa Kisovieti, alitaka gari la deraya linaloruka: libebe askari wanane na lijisafishie njia kwa silaha zake lenyewe. Ili kazi iende haraka, wahandisi wake walianzia kwenye mitambo ya Mi-8, helikopta ya kubebea watu na mizigo. Mi-24 ya majaribio iliruka Septemba 1969. Mil alifariki Januari 1970, kabla haijaingia jeshini. Baadaye ikafungwa injini mbili za TV3-117, ambazo ziliwekwa pia kwenye Mi-17. Udugu huo umeziokoa nchi nyingi maskini: jeshi lenye Mi-17 za uchukuzi tayari lina mafundi wanaoijua injini ya Mi-24.

Tazama panga moja la helikopta hii, kati ya yale yanayozunguka juu. Ndani kuna mhimili wa aluminiamu ulio wazi katikati kama bomba, umejazwa hewa ya shinikizo. Kwenye shina la panga kuna kifaa kidogo chenye kioo. Mhimili ukipata ufa, hata usioonekana kwa macho, hewa huvuja na alama nyekundu hujitokeza. Kabla ya safari fundi hupanda juu na kuyakagua mapanga yote matano, moja baada ya jingine. Akiona wekundu, helikopta hairuki, hata kama mbele kuna vita. Kazi hii ya fundi haiandikwi kwenye historia, nami naona inastahili heshima sawa na ya rubani.

Afghanistan, Wasovieti walikopigana vita na mujahidina, ndiko ilikojipatia jina, na ndiko ilikoumia. Vumbi lilikuwa likizila injini, zikafungiwa vichujio vya mviringo mbele. Septemba 1986 mujahidina walipoanza kutumia makombora ya Stinger karibu na Jalalabad, masanduku ya kupooza moshi wa injini yakawa muhimu zaidi, maana kombora hilo hufuata joto.

Kila kipuri kikubwa kina saa zake za kazi. Zikiisha, injini hushushwa na kupelekwa kukarabatiwa, na giaboksi vivyo hivyo. Zamani za Kisovieti hilo halikuwa tatizo. Lakini kiwanda cha injini kilikuwa Zaporizhzhia, na Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991 mji huo ukabaki Ukraine, ilhali viwanda vinavyounganisha helikopta yenyewe vikabaki Urusi. Biashara iliendelea hadi 2014, Ukraine iliposimamisha kuiuzia Urusi zana za kijeshi. Urusi ikajitengenezea injini ya VK-2500 huko St. Petersburg.

Hata hivyo, si kila ajali hutokana na kipuri. Agosti 2012 Mi-24 tatu za Uganda zilianguka katika eneo la Mlima Kenya zikielekea Somalia, na wanajeshi saba wakapoteza maisha. Mlima ule ni mrefu, hali ya hewa yake hubadilika ghafla, na helikopta hii ni nzito.

Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Kiev iliwaita nyumbani marubani na helikopta zake zilizokuwa Congo. Mwaka huohuo Jamhuri ya Czech iliipatia Ukraine Mi-24 zake, na yenyewe ikaahidiwa helikopta za Marekani. Sasa Mi-24 zinapigana pande zote mbili za vita hiyo, na Zaporizhzhia, mji uliozipa injini, umekuwa ukipigwa makombora.