Vibali vya Umeme wa Jua na Swali la Ardhi

Wanafunzi wangu hudhani kwamba mradi mkubwa wa umeme wa jua hupata ruhusa siku moja, kwa saini ya waziri mmoja. Laiti ingekuwa hivyo. Angalau tungejua wa kumhoji. Nchini Kenya ruhusa hiyo ni mlolongo wa hati, na kila hati ina historia yake.

Sheria ya mazingira ya 1999 ilileta sharti la tathmini ya athari na leseni ya NEMA. Sheria ya kawi ya 2006 ikaunda tume ya kudhibiti sekta, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na EPRA mwaka 2019. Sera ya 2008 ya bei maalumu za umeme jadidifu haikulihusisha jua. Liliongezwa katika marekebisho ya 2010. Mwekezaji alipeleka ombi wizarani, akafanya upembuzi yakinifu, akajadiliana na Kenya Power kuhusu mkataba wa ununuzi, mkataba ukaidhinishwa na mdhibiti, kisha leseni ikafuata.

Katika mlolongo huo hakuna ofisi iliyopewa jukumu la kuuliza kwanza: ardhi hii ni ya nani? Mwombaji huja na hatimiliki au mkataba wa kukodi, nao maafisa huuchukulia kuwa jambo lililokwisha.

Athari yake ilidhihirika katika mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Marsabit, wenye megawati 310 na ardhi ya ekari 150,000. Ardhi hiyo ilikuwa ya amana: baraza la eneo liliishikilia kwa niaba ya wafugaji, na sheria ya zamani iliruhusu itengwe kwa matumizi mengine baada ya hatua kadhaa za kuwasikiliza wakazi. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki zilitolewa kinyume cha sheria. Mitambo ilikuwa imekwisha kuzunguka miaka mitatu. Paneli za jua zinahitaji ardhi pana katika maeneo yaleyale makavu.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaonekana kuwa dawa. Mkataba na mwekezaji hauwi halali bila kuidhinishwa na thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Lakini jamii isiyosajiliwa haina baraza linalotambulika kisheria, na ardhi yake imo mikononi mwa serikali ya kaunti, kama amana. Basi barua ya mwekezaji hufika makao makuu ya kaunti, nayo manyatta huletewa habari.

Kwa maafisa wanaosoma hapa, pendekezo langu ni la kiofisi tu: cheti cha usajili wa jamii kiwe karatasi ya kwanza katika faili, kabla upembuzi yakinifu haujagharimu senti moja. Mtaniambia usajili unakwenda polepole mno. Ni kweli, na kuuharakisha ni kazi ya serikali hiyohiyo inayotoa leseni.