Adapta na Kigeuzi

Adapta ni kifaa kidogo kinachowezesha kibodi, kipanya au printa ya zamani kuunganishwa na kompyuta isiyo na tundu linalolingana na plagi yake. Neno hili limebebeshwa mengi: dukani, anayeulizia adapta huenda akaletewa chaja ya laptopu. Hata kwenye uunganishaji wa vifaa hutumika kwa vitu viwili ambavyo kwa kweli ni tofauti.

Adapta halisi hubadili umbo la plagi tu. Tundu la PS/2, la duara lenye pini sita, lilikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987. Baadaye la kibodi likapewa rangi ya zambarau na la kipanya kijani. USB ilipotoka mwaka 1996, vipanya vingi vilitengenezwa vikijua itifaki zote mbili, vikauzwa pamoja na kipande cha plastiki cha kijani cha kuvalisha plagi ya USB ili iingie kwenye PS/2. Ndani ya kipande hicho mna nyaya tupu. Kazi yote hufanywa na kipanya, ambacho hutambua chenyewe kimechomekwa wapi.

Kibodi inayojua PS/2 peke yake ni habari nyingine. Hiyo hutuma msimbo mara tu kitufe kinapobonyezwa, ilhali kifaa cha USB hungoja kuulizwa na kompyuta, tena na tena. Kati yao panahitajika saketi ya kupokea misimbo, kuihifadhi na kuijibu kompyuta kila inapouliza. Kifaa chenye saketi hiyo kinastahili kuitwa kigeuzi.

Mizani na printa za risiti zenye plagi ya RS-232 ya pini tisa nazo zinataka kigeuzi, kwani ishara zake hupanda na kushuka kati ya volti chanya na hasi, jambo lisilokuwapo katika USB. Aghalabu kompyuta huhitaji pia programu kiendeshi ya kigeuzi hicho. Hali ni hiyohiyo kwa skrini ya VGA, inayopokea ishara za analogi, ikiunganishwa na tundu la HDMI, linalotoa za dijitali.

Wauzaji huviita vyote adapta, na sura zake hufanana. Mnunuzi aulize kama ndani mna saketi: kibodi iliyotengenezwa kabla ya USB haiwezi kufanya kazi kwenye tundu la USB kwa adapta tupu, hata plagi iingie barabara.