Dripu ya Njano na Barabara ya Kusini

Amfoterisini B ilitokana na bakteria wa udongo uliochukuliwa karibu na mto Orinoco, Venezuela, na watafiti wa kampuni ya Squibb waliitangaza katikati ya miaka ya 1950. Kwa miongo kadhaa ilikuwa tegemeo kuu la mgonjwa wa kansa ambaye dawa za kansa zimemshusha chembe nyeupe za damu hadi fangasi wakapenya ndani ya mwili. Lakini saa moja hadi tatu baada ya dripu kuanza, wengi walishikwa na baridi kali, wakatetemeka hadi kitanda kikalia, kisha homa ikapanda na matapishi yakafuata. Historia ya kuzuia tetemeko hilo husimuliwa kama historia ya dawa moja kurekebishwa na nyingine. Naiona zaidi kama historia ya muda: muda wa muuguzi kukaa kando ya dripu, na muda wa mgonjwa kufika kwa muuguzi huyo. Kwa watu wa Kilwa na Lindi, kusini mwa Tanzania, muda huo wa pili ndio uliopotea kwanza.

Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo leo ndiyo taasisi ya kansa ya taifa, ilikamilishwa na Wajerumani mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alipelekwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji Paroo. Ubaguzi huo uliondoka, ukabaki umbali. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 450, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri aliuvuka mto Rufiji kwa kivuko. Masika yalipokolea, barabara ya Kusini ilifungika kwa matope. Tiba ya mionzi ikawa Dar es Salaam peke yake kwa miaka mingi, kwa hiyo mgonjwa wa Kivinje au Liwale mwenye uvimbe shingoni alikuwa na safari ndefu mbele yake hata kabla ya kuandikiwa dawa. Na anayefika amedhoofu, figo zimekauka kwa kukosa maji, huipokea amfoterisini vibaya zaidi, kwa sababu dawa hiyo huziumiza figo na kumwaga potasiamu ya mwili.

Wapo wanaosema watu wa Kusini huchelewa kwa kuwa huanza kwa mganga. Wako wanaoanza huko, sikatai. Ila kampeni za buba za miaka ya 1920 zinatoa ushahidi mwingine: sindano za bismuthi zilipopelekwa karibu na vijiji vya Tanganyika, watu walimiminika bila kusukumwa. Tiba iliyofika jirani na ikaonekana kuponya haikukosa wateja. Ndiyo maana siamini kwamba imani peke yake ndiyo inayomchelewesha mgonjwa wa kansa.

Turudi wodini. Unga wa njano wa amfoterisini huyeyushwa kwa maji safi ya sindano, kisha huingizwa kwenye chupa ya glukosi. Ukiingizwa kwenye maji ya chumvi, dawa huganda vipande vipande. Lakini maji ya chumvi hayohayo ndiyo yanayomkinga mgonjwa figo, hivyo hutangulia peke yake, mrija husafishwa kwa glukosi, ndipo dripu ya njano ifuate. Muuguzi anayeijua kazi hii huhesabu matone, hupima joto na shinikizo la damu mara kwa mara, na huweka blanketi karibu. Tangu mwaka 1980 ilijulikana kwa jaribio kwamba pethidini hukatiza mtetemo; parasetamo, dawa za mzio na haidrokotisoni zilikuwa zikitolewa kabla ya dripu kwa mazoea. Ushahidi kwamba kila mgonjwa anazihitaji tangu dripu ya kwanza si mzito kama mazoea yenyewe, na haidrokotisoni humpunguzia kinga mtu ambaye kinga yake imeshaanguka. Anayepinga kuzigawa kama peremende ana hoja. Hoja hiyo, hata hivyo, inadai uangalizi zaidi: ukimwacha mgonjwa bila dawa hizo za awali, lazima awepo mtu wa kuliona tetemeko likianza.

Jaribio lililonishawishi zaidi lilichapishwa mwaka 2001 kutoka Zurich. Wagonjwa 80, wengi wao wakiwa na chembe nyeupe zilizoshuka, walipewa dawa ileile, wengine kwa saa 4, wengine kwa saa 24. Waliopewa polepole walipata homa, baridi na madhara ya figo kwa kiasi kidogo zaidi. Hakuna molekuli mpya iliyoongezwa hapo. Kilichoongezwa ni saa. Yupo pia anayesema dawa isiyoutikisa mwili haiponyi. Lakini tetemeko hutokana na chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe kumwaga vichochezi zinapoguswa na dawa, na si dalili kwamba fangasi wanakufa.

Itasemwa kwamba yote haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta hutetemesha kidogo zaidi. Ni kweli, na Uganda ilishiriki katika utafiti wa mwaka 2022 ulioonyesha kwamba dozi moja kubwa ya aina hiyo, pamoja na vidonge, inatosha kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka kwa wenye VVU. Dar es Salaam nayo ilikuwa kwenye utafiti wa mwaka 2018, uliothibitisha kwamba wiki moja ya amfoterisini ya kawaida pamoja na vidonge vya flusaitosini hufaa kuliko mazoea ya wiki mbili. Lakini aina mpya ni ghali, nayo pia huweza kubana kifua na kuumiza mgongo dakika chache baada ya kuanza, ndipo dripu isimamishwe mara moja na mtu aliye hapo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, imefupisha safari ya wagonjwa wa Lindi. Katika kuipangia watumishi, swali la wauguzi wangapi wanakesha na dripu usiku linastahili uzito uleule unaopewa mashine.